Mla Lehemu

Sura yako siijui. Hapa hakuna anayeijua.
Ulikuja kwa treni, siku mbili na usiku wake,
katika boksi la barafu iliyokwisha kuwa maji.
Nikakupokea stesheni ya Kigoma, kichupa kifuani kama kifaranga,
nikapanda nacho kilima cha hospitali mbiombio
joto lisije likakuwahi.
"Umebeba nini, Skola?" mlinzi akauliza.
"Mdudu."
Nilidanganya kidogo. Si mdudu, ni meno yake.

Mwenyewe alibaki udongoni,
bakteria wa ukoo uleule
unaotoa ile harufu mvua ya kwanza ikigonga vumbi.
Huko chini hakuna wali wala migebuka.
Kuna kilichooza, na mafuta ya kilichooza,
naye akajifunza kula
kile ambacho wengi hukipisha.
Njaa ilimfunza ufundi.
Ufundi tukauchukua, njaa tukamwachia.

Nimesoma kwamba kwingine wanakupimia mayai,
kwamba wamekujaribu juu ya funza wa pamba
ukawatoboa matumbo.
Sawa. Kwangu una kazi moja.

Lehemu. Neno moja, mafundi wawili.
Kaka yangu Ntirampeba anaiyeyusha gereji kule Mwanga,
anaziba rejeta zinazovuja;
na ndani ya baba iliziba
pasipovuja.
Alikuwa akikamua mawese, Simbo.
Alianguka kiganja kikiwa bado kwenye mpini,
mafuta mekundu yakaendelea kuchuruzika ndooni,
hayakuambiwa.
Watu wakasema: huyu kapigwa. Jina la jirani likatajwa.
Jirani akahama na watoto watano, usiku,
kuku wake wakabaki wakizunguka mlango.
Hakuna aliyepima. Hapakuwa na cha kupimia.

Saa nne asubuhi. Tyubu kumi na nne.
Damu imezungushwa, imetulia;
juu yamebaki maji ya rangi ya asali changa.
Natia tone. Nakutia wewe na wenzio:
wa kwanza aifungue lehemu iliyofungwa,
wewe uiume kwa hewa,
uteme dawa ileile tunayooshea vidonda,
wa tatu aidake, aigeuze rangi.
Joto la mwili. Dakika tano.
Nahesabu kwa saa ya ukutani, ya simu siiamini.

Inaanza kama ufizi wa mtoto mchanga.
Waridi hafifu: mwalimu wa Kasulu, aende zake kwa amani.
Waridi hafifu tena. Tena.
Halafu hii, iliyoiva kama ua:
fundi cherehani wa Ujiji, miaka thelathini na minane,
ambaye kicheko chake nakisikia kwenye benchi nje
akimwigiza daktari.
Mashine inapitisha mwanga, rangi inaumeza,
namba inatoka.
Namba haimtaji jirani.

Tyubu ya kumi na tano haimo daftarini.
Kichupa kinaisha muda wake Ijumaa,
matone yaliyobaki hayatoshi mgonjwa
na yanazidi kumwagwa.
Nikajifunga mpira kwa meno, nikajichoma mwenyewe.

Dakika ya pili mvua ikashuka, ya kwanza Oktoba hii,
ikaupiga uwanja wa hospitali kwa hasira za mgeni aliyecheleweshwa.
Harufu ikaingia dirishani.
Nikacheka: ndugu zako hao, wanakuita.
Hukuitika. Ulikuwa unakula.
Umeme ukayumba, ukarudi.
Dakika ya nne.
Nilimfahamu baba kabla mashine haijasoma.

Namba nimeiandika kiganjani,
mahali ambapo sabuni itafika kabla ya mume wangu.
Fundi cherehani nimemwita ndani, ameacha kucheka,
kisha ameanza tena, taratibu zaidi.

Kesho nampigia Ntirampeba.
Atasema ana rejeta ya lori la watu wa Uvinza.
Nitamwambia aje na mkono mmoja tu,
ule usioshika moto.